Mkwe Habebwi Mgongoni

Thadeus Ombati alikuwa na duka la baiskeli mjini Kisii, suruali mbili za kitambaa na mchumba mmoja aitwaye Esnah, na Ijumaa ile alipokuwa akipanda kilima cha Ritongo alikuwa tayari kupoteza vyote isipokuwa huyo wa mwisho. Suruali moja ilikuwa imekwisha kwenda. Ilimchanikia nyuma alipokuwa akiruka kijito, kabla hawajafika hata kwenye ukuta wa kwanza wa mawe, na tangu hapo alipanda mlima huku ameshikilia makalio yake kwa mkono mmoja.

Waliopanda walikuwa watatu. Mbele alitembea Thadeus. Nyuma kabisa alitembea Bonareri, mama yake Esnah, mwanamke mwembamba, mkavu, Msabato wa pale Gesima asiyeonja chai ingawa alichuma majani yake toka asubuhi hadi jioni. Katikati alihema Kwamboka. Huyu alikuwa esigani, yule mjumbe anayekwenda na kurudi kati ya koo mbili zinazotaka kuoana, akichunguza kama upande huu kuna wazimu na upande ule kuna uchawi. Alikuwa mnene, mwenye maneno mengi na magoti mabovu, na alishika mwavuli mweusi ambao aliufungua mgongoni kwake ingawa mvua haikuwako.

Mwavuli ulikuwa na kazi yake. Kwa Wagusii mama mkwe na mume wa binti yake hawachezi. Heshima iliyoko kati yao inaitwa chinsoni, na haina likizo. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Kugusana ndiyo kabisa. Mkono ukiteleza tu ukamgusa, ukwe umeharibika, na kuutengeneza ni shughuli ya wazee na mbuzi, na kuna makosa ambayo hata mbuzi hayawezi.

Kusema kweli, Thadeus alikuwa bado si mkwe wa mtu. Lakini Bonareri alikuwa mwanamke wa tahadhari, akauanza ukwe mapema usije ukamkuta hajajiandaa. Kule chini walikuwa wamebishana kwa muda mrefu. Kijana akitembea nyuma, kwenye mwinuko ataona miguu ya mama. Akitembea mbele, mama ataona suruali ya kijana. Kwamboka alipochoka kuwasikiliza aliufungua mwavuli, akajiweka katikati, akasema twendeni.

Walikuwa wanafuata jibu. Ng'ombe walikwisha kukubaliwa na wazee, maana wazee hawana taabu, wao huangalia pembe tu. Lililobaki lilikuwa neno la mama. Kwamboka alipokwenda kuliomba, Bonareri alimwambia kwamba kwao neno la binti halitolewi jikoni. Kwao kulikuwa juu ya Ritongo zamani, na mama yake alitoa neno la kumwoza yeye akiwa amekaa kwenye jiwe bapa mbele ya mlango. Mlango ulikwisha kuoza, nyumba ikafuata, lakini jiwe lingaliko. Anayemtaka Esnah apande akasikilize hapo.

Thadeus aliogopa jibu hilo kuliko alivyowahi kuogopa kitu. Alikuwa Mkatoliki. Alikuwa mtu wa mjini. Na kazi yake, kwa macho ya Bonareri, ilikuwa kuchuchumaa kando ya barabara akizungusha magurudumu ya watu wengine. Usiku kucha alikuwa amejifunza namna ya kukataliwa bila kulia.

Kwenye ukuta wa mawe Bonareri alisimama. "Kwamboka, mwambie kijana ukuta huu waliujenga babu zangu kuzuia wezi wa ng'ombe."

"Anasema babu zake walikuwa wezi wa ng'ombe," Kwamboka akapeleka mbele, akihema.

"Kwamboka."

"Anasema waliwazuia."

"Mwambie mama nimeona ni ukuta wa nguvu," alisema Thadeus, akiwa ametazama mbele kabisa, shingo imekauka.

Kilima kile kilikuwa kimekaliwa na kila mtu, na kila mtu aliacha takataka zake. Juu ya ukuta kulikuwa na handaki. Wajerumani na Waingereza walipopigania Kisii, kikosi kimoja cha Wajerumani kilitumwa juu kuchungulia adui. Ukungu ukashuka, askari wakakaa handakini wakisubiri uondoke, na vita vikahamia kwingine bila mtu kuwaarifu. Juu ya handaki palikuwa na nguzo ya saruji ya wapima ardhi. Karibu na nguzo Wakatoliki walisimika msalaba, na Wasabato, ili wasipitwe, wakapanga duara la mawe ya kuombea, mawe yote yakiupa msalaba mgongo. Hapo hapo palikuwa na mlingoti wa bendera ya Uhuru. Bendera yenyewe ilichukuliwa na upepo usiku wa kwanza, na inasemekana ilionekana upande wa Sotik.

Na palikuwa na kiti.

Kilikuwa kiti cha mbao nzito chenye mikono na miguu ya chuma. Mwenyewe alikuwa mlowezi wa Nyansiongo ambaye watu walimwita Bwana Mguu, kwa sababu alichechemea. Kila Jumapili alibebwa na kiti chake mpaka kileleni, akanywa chai, akatazama ardhi aliyoiita yake, na ile ambayo alikuwa bado hajaiita. Uhuru ulipokuja aliuza ng'ombe akaondoka, kiti kikabaki. Katika nchi ambayo msumari ukidondoka haufiki jioni, hakuna aliyekigusa kwa miaka minne.

Bonareri alikipita bila kugeuza kichwa. Halafu, yeye mwanamke wa kanisa, alitema mate.

"Ana ugomvi gani na kiti?" Thadeus alinong'ona.

"Hilo hata mimi siulizi," Kwamboka alisema, "na mimi kuuliza ndiyo kazi yangu."

Bonareri aliketi juu ya jiwe bapa. Thadeus alisimama upande wa pili wa nguzo, uso kwenye saruji, mikono nyuma kufunika mpasuko. Mwavuli ukawekwa katikati. Bonareri alianza mbali. Alitaja waliozaliwa hapo, waliozikwa hapo, ng'ombe dume aliyewahi kuuruka ukuta, na mwaka wa nzige. Thadeus alisikiliza kila neno akitafuta ndani yake ndiyo au hapana, na hata kwenye nzige hakuziona.

"Basi mwambie," Bonareri alisema mwishoni, "kwamba nilitaka kukataa. Nilipanda huku nikiwa na neno la kukataa tayari. Lakini suruali yake ilipochanika hakugeuka kuangalia kama nimeona. Alishika nyuma akaendelea kupanda, mlima wote huu, kwa mkono mmoja. Mtu anayejua kuona haya ataweza kukaa na mwanangu. Mwambie nimekubali."

Kwamboka hakuwa na haja ya kupeleka. Thadeus alihisi furaha ikimpanda toka magotini, furaha kubwa ya kijinga, akasahau nguzo, akasahau mwavuli, akasahau suruali. Akageuka, mikono wazi, akamtazama mama mkwe wake usoni ili amshukuru.

Bonareri alikuwa amekuwa mama mkwe kwa muda wa pumzi moja tu, lakini aliijua kazi. Alifanya lile ambalo kila mama mkwe mwenye adabu angefanya: aliruka akaingia kichakani kujificha. Nyuma ya kichaka palikuwa na handaki la Wajerumani.

Walisikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti kavu ikitoka ardhini. "Kwamboka. Mguu umevunjika."

Haukuwa umevunjika, kama walivyojua baadaye, lakini kifundo kilikuwa kimeteguka vibaya na kilivimba mbele ya macho ya Kwamboka. Hakuweza kuukanyagia. Na kana kwamba hayo hayakutosha, ukungu uliowafunga askari wale wa zamani ulirudi kuangalia handaki lake. Thadeus alijaribu kushuka kutafuta watu, na mara tatu akajikuta amerudi kwenye nguzo ileile. Jua lilikuwa limeinama. Likizama, Sabato inaingia, na baada ya Sabato wanaingia fisi.

"Kuna njia moja," Bonareri alisema toka handakini. "Kwamboka, mwambie kijana nimebadili neno. Nimemkataa. Yeye si mkwe wangu, ni mpita njia tu, na mpita njia anaweza kumbeba mama mzee mgongoni. Aje anibebe."

Thadeus alimgeukia Kwamboka. "Mwulize mama, tukifika chini atanikubali tena?"

Jibu lilitoka handakini. "Mwambie nisimdanganye. Mtu ambaye nimelala mgongoni kwake, nimemshika shingo, nitamwitaje mkwe? Nitafichaje uso kwa mtu anayejua uzito wangu? Akinibeba, yamekwisha. Lakini nitamwombea."

Basi fikiria hali ya kijana huyu. Akimbeba mama, anampoteza binti. Asipombeba, wote watatu watalala pale, na hao wenye nyama ndio watakaoliwa kwanza, jambo ambalo Kwamboka alilieleza kwa ufasaha. Alisema amefungisha ndoa nyingi lakini hajawahi kufa kwa ajili ya hata moja.

Thadeus aliketi chini na kukiegemeza kichwa chake kwenye nguzo. "Mwambie mama sikubali kukataliwa. Neno limetoka na limesikika. Kama ni kukaa hapa, nitakaa hapa nikiwa mkwe. Nitawasha moto, nitawafukuza fisi kwa mawe, nitampa koti langu, wewe utampelekea. Lakini mpita njia siwi."

"Mwambie ana kichwa kigumu."

"Mwambie nimekirithi kwa mama mkwe."

Kwamboka alipeleka lile la kwanza na kulimeza la pili. Ukungu ulizidi kuwa mzito. Thadeus alikaa akitazama mbele bila kutazama kitu, na kitu alichokuwa akikitazama bila kukitazama kilikuwa kiti. Sasa, huyu alikuwa mtu wa baiskeli. Nyuma ya baiskeli alikuwa amewafungia watu magunia ya mahindi, vitanda, mbuzi wawili walio hai na jeneza moja, na mfukoni hakukosa mipira ile mirefu inayokatwa toka kwenye tyubu kuukuu. Akainuka. Akakishika kiti, akakitikisa. Kilikuwa kizima.

"Mwambie mama," alisema polepole, "kwamba nikijifunga kiti mgongoni, yeye akakaa, nitakuwa nimebeba kiti. Kiti ndicho kitakuwa kimembeba yeye. Atatazama nyuma, nitatazama mbele. Hatutaonana wala hatutagusana."

"Kiti gani?" ilitoka sauti, ingawa juu ya Ritongo kulikuwa na kimoja tu.

"Kile," alisema Kwamboka.

"Afadhali fisi."

Upepo uliupiga mlingoti usio na bendera. Baadaye Thadeus alivua koti, akalitupa juu ya mwavuli, likaangukia handakini, na yeye akaanza kukusanya kuni, akipiga chafya. Hakulalamika. Alikuwa amedhamiria kweli kulala pale, na mtu aliyedhamiria husikika hata kwa anayejificha.

"Kwamboka," Bonareri alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa kavu tena. "Anampenda mwanangu hivyo?"

"Mimi nimechunguza," alisema Kwamboka. "Anampenda kama mjinga."

"Basi mwambie ageuke. Mwambie na hilo likiti alilete huku. Lakini likishuka leo, halipandi tena."

Kwamboka, kwa kusukuma na kuvuta na kumtaja Yesu, alimtoa handakini akamkalisha. Thadeus alichuchumaa kinyumenyume, akapitisha mipira begani na kifuani, akaifunga kwa fundo lile la jeneza, akainuka. Bonareri hakuwa mzito. Kiti ndicho kilikuwa kizito. Wakaanza kushuka wakiwa wamepeana migongo, mmoja akitazama walikokwenda na mmoja akitazama walikotoka, na nyuma Kwamboka akichechemea na mwavuli, ambao sasa haukuwa na la kuficha.

Taabu ilikuja mara moja. Aliyeijua njia ni Bonareri, aliyezaliwa juu yake, lakini yeye aliona kila kitu kikiwa kimekwisha kupita. "Kwamboka, mwambie tumelipita jiwe la mbuzi, akate kushoto." Mpaka Kwamboka aivute pumzi ya kupeleka maneno hayo, Thadeus alikuwa ndani ya miiba. Mara ya pili akaingia kwenye shimo la nungunungu. Mara ya tatu Kwamboka hakuwa karibu tena. Magoti yalikuwa yamemwacha nyuma, na toka kwenye ukungu ikaja sauti yake ya mbali ikisema watangulie tu, yeye atafuata harufu ya moshi wa vijiji.

Thadeus alisimama. Mbele yake palikuwa na njia mbili. Nyuma yake palikuwa na mama mkwe asiyeweza kusema naye. Wakasubiri, kila mmoja akitarajia mwenzake ashindwe kwanza.

"Kushoto," Bonareri aliuambia ukungu.

Thadeus naye akaujibu ukungu. "Kushoto kwa anayetazama mbele, au kwa anayetazama nyuma?"

"Kwa anayebeba."

Basi ndivyo ilivyoanza. Mwanzoni ulikuwa ukungu unaoambiwa. Baada ya ukuta wa mawe aliyeambiwa hakuwa ukungu tena.

"Esnah anaogopa radi," Bonareri alisema. "Hatakuambia. Utamwona anaanza kupanga vyombo. Usimwulize anapanga nini, nenda ukapange naye."

"Nimesikia, mama."

"Na akiumia halii. Analia siku ya tatu yake, juu ya kitu kingine kabisa. Unaweza kudhani ni kwa sababu ya chumvi."

"Nimesikia."

Walikwenda. Mawe yaliteleza, na kila yalipoteleza mikono ya kiti ililia kwa jinsi Bonareri alivyoishika. Kisha akasema, "Unajua ni nani alikuwa akikibeba?"

"Kiti? Sijui, mama."

"Baba yangu, Machogu. Walimtoa juu hapa wakampa kazi kule Nyansiongo, na Jumapili walimpa kiti hiki akipandishe. Alimbeba Mzungu yule mpaka kwenye ua wa nyumba aliyozaliwa yeye mwenyewe, akamweka chini, akasimama kando mpaka chai iishe. Mimi nilikuwa msichana. Nilikuwa nafuata nyuma nikichukua birika." Aligonga mkono wa kiti kwa kidole. "Chai siinywi. Watu wanafikiri ni dini."

Thadeus alishuka taratibu zaidi.

"Mabega yake yalikuwa na alama mpaka tulipomzika. Na yule hakuwahi kumwuliza, hata siku moja, kama amechoka." Kiti kiliyumba. "Wewe umechoka?"

Mipira ilikuwa imemkata begani, na jasho lilikuwa limemfunga macho. "Bado, mama."

"Ukichoka sema. Ukichoka, nitashuka nikae chini nawe upumzike. Sitaki kubebwa na mtu aliyechoka."

"Nitasema."

Walipumzika mara nyingi. Thadeus alimweleza mama kuhusu duka, na jinsi alivyokuwa amejifunza kukataliwa bila kulia, na mama akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekisahau kinavyotoka. Thadeus alikisikia kikimtetemesha uti wa mgongo kupitia mbao. Alifikiri kwamba hajawahi kuongea hivyo na mtu mzima yeyote, hata mama yake mzazi.

Walifika chini kwenye mashamba ya chai jua likiwa juu ya ukingo wa vilima. Thadeus alichuchumaa, akafungua fundo, akatoka chini ya kiti bila kugeuka. Na hapo ndipo alipohisi ubaridi mgongoni na kujua kwamba maongezi yamekwisha. Sasa walikuwa chini, mtu na mama mkwe wake. Alisogea hatua kadhaa akasimama akitazama migomba. Bonareri alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Alitaka kumshukuru, lakini wa kupeleka shukrani alikuwa bado mlimani. Basi wakamsubiri, kila mmoja na upande wake, mpaka Kwamboka alipoteremka akiwa na kiatu kimoja.

"Kwamboka," alisema Bonareri, "mwambie mkwe asante."

"Anasema asante."

"Mwambie mama ni wajibu."

Wazee walikaa kuamua kama chinsoni imevunjwa. Walikikagua kiti, wakakikalia mmoja mmoja, wakatoa hukumu kwamba kiti hakina ukoo, kwa hiyo hakiwezi kuharibu ukwe wa mtu. Arusi ikafungwa, mara mbili, kwa Wakatoliki na kwa Wasabato, kila upande ukiupa mwenzake mgongo.

Msimu wa mvua uliofuata, Esnah akiwa na mimba, walikwenda kumsalimu mama. Thadeus alikaa nje kwa wanaume, kama ipasavyo. Alasiri Kwamboka alimjia, uso wake ukiwa mzito kwa jambo rasmi. Mama alikuwa amemtuma aseme kwamba kiti kimelegea, fundi akiangalie. Na aje na mipira yake.

Kiti kilikuwa nyuma ya nyumba, kimeelekezwa kwenye chai. Bonareri alikuwa amekikalia, mgongo wake ukiwa wima, macho yake mbele, akingoja. Thadeus alikitazama kiti. Hakikuwa kimelegea popote. Akageuka, akachuchumaa kinyumenyume, akapitisha mipira begani, akafunga.

"Inua kidogo," alisema Bonareri, maana kiti kikiwa chini kuongea hakuruhusiwi.

Akainua, miguu ya chuma ikaachana na ardhi. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Ritongo, na ndani ya nyumba walimsikia Esnah akianza kupanga vyombo.

"Umechoka?"

"Bado, mama."

"Haya," alisema. "Niambie habari za mwanangu."